Tani 27 za mti, uzito wa yai moja

Chini ya kichupa kuna unga mweupe ulioshikamana. Muuguzi anavuta mililita 5 za maji ya sindano, anayateremsha taratibu ukutani mwa kichupa, kisha anakizungusha polepole kiganjani. Hatikisi. Akitikisa, povu litajaa na protini iliyomo itaharibika. Unga ukishayeyuka, kila mililita ina miligramu 20 za dawa. Anavuta kiasi kinacholingana na uzito wa mgonjwa na kukiingiza kwenye mfuko wa mililita 250 wa maji ya chumvi ya asilimia 0.9.

Maji ya chumvi, si ya sukari. Dekstrosi ya asilimia 5 huifanya protini hiyo igande vipande vipande.

Dawa yenyewe ni trastuzumabu emtansini, ya saratani ya matiti. Kwenye boksi imeandikwa Kadcyla. Kichupa hicho kina miligramu 100, na karibu zote ni kingamwili, yaani protini inayotambua seli inayolengwa na kuishika. Sumu inayoua seli ya saratani haifiki hata miligramu 2.

Asili ya sumu hiyo ni kichaka cha Ethiopia, na baadaye kichaka kingine kilichokatwa kwa matani katika milima ya Shimba, Kwale.

Kilichonikaa kichwani wiki hizi ni mfuatano wa miaka. Molekuli ya sumu hiyo, maitansini, ilitangazwa 1972. Ikajaribiwa kwa watu, ikashindwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikawekwa kando. Februari 2013 ikarudi, safari hii ndani ya dawa iliyoidhinishwa Marekani baada ya kuonekana inarefusha maisha. Sumu ni ileile, au ndugu yake wa tumbo moja. Basi hapo katikati kilibadilika nini?

Na mbona kila nikilitafuta jibu narudi kwenye zile jumbe zinazosambazwa kwamba majani ya mstafeli yanatibu saratani?

Kilo 27,215

Ukivuka Likoni na kukata kulia pale Kombani, barabara inapanda hadi Kwale na hewa inaanza kupoa. Wengi wanaijua Shimba kwa palahala, kwa kuwa Kenya nzima wamebaki huko tu. Wachache sana wanaijua kwa Maytenus buchananii, kichaka ambacho ukikipita hugeuki kukitazama mara ya pili.

Kuanzia 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilikuwa inakusanya mimea kutoka kila pembe ya dunia na kuipima kama inaua saratani. Ilipima sampuli za mimea zipatazo 35,000. Katika kapu lote hilo, zilizofika hadi kwenye rafu ya dawa zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, kama paklitakseli ya mti wa Taxus, na dawa zilizotengenezwa kutokana na kamptotesini ya mti wa Kichina.

Mmoja wa mimea iliyokusanywa ulitoka Ethiopia. Siku hizo uliitwa Maytenus ovatus, baadaye wataalamu wakasema jina sahihi ni Maytenus serrata. Mkemia Morris Kupchan na wenzake waliuchambua wakatoa molekuli waliyoiita maitansini. Ilikuwa kali kupita kiasi, na ilikuwa kidogo kupita kiasi: kama miligramu 0.2 kwa kila kilo ya mmea mkavu.

Kwa kiwango hicho huwezi kufanya majaribio kwa watu. Wakatafuta ndugu zake, wakamkuta wa Shimba ana miligramu 1.5 kwa kilo. Mara saba na zaidi.

Basi wakaja Shimba. Namba inayotajwa ni kilo 27,215.

Piga hesabu. Tani 27 kwa miligramu 1.5 kwa kilo, tena tukijifanya hakuna kilichopotea njiani, ni gramu 41 hivi. Yai moja la kuku wa kienyeji.

Imeandikwa kwamba vichaka vyote vilivyokomaa vya aina hiyo vilimalizwa katika uvunaji huo, na miaka michache baadaye ilipohitajika tena, yaliyochipua yalikuwa machache mno. Kama dawa ingefaulu wakati ule, ningependa mtu anieleze tani za mwaka uliofuata zingetoka wapi.

Kutoka kuni hadi fuwele

Watu wakisikia "dawa imetolewa kwenye mti" huwaza sufuria. Kazi yenyewe haifanani na sufuria hata kidogo.

Mmea mkavu husagwa na kulowekwa kwenye ethanoli. Ethanoli hiyo huchujwa na kukaushwa, kikabaki kitu kizito cheusi mithili ya lami. Lami hiyo inatikiswa ndani ya maji na ethili asetati, vimiminika viwili visivyochanganyika. Sukari, chumvi na tanini nyingi hushuka na maji. Vitu vyenye asili ya mafuta hupanda na ethili asetati. Kila tabaka linapimwa peke yake, kwa seli za saratani kwenye sahani au kwa panya mwenye lukemia. Tabaka lisilofanya kitu linawekwa kando. Lililofanya kazi linamiminwa kwenye bomba la kioo lililojazwa silika, linatoka fungu baada ya fungu, na kila fungu linapimwa tena. Hivyo hivyo, miezi, mpaka kubaki kitu kimoja kinachoweza kuganda kuwa fuwele.

Kazi hii huharibika kwa njia tatu, na zote zinafaa kujulikana na mtu yeyote anayesoma habari za "mmea umegunduliwa".

Ya kwanza ni tanini. Tanini ni tapeli mkubwa wa maabara. Hushika protini yoyote inayokutana nayo, kwa hiyo ukiimwagia seli kwenye sahani, seli zinakufa na wewe unashangilia. Chai ya rangi iliyokolea inaweza kukupa shangwe hiyo. Ukiondoa tanini, nguvu yote inatoweka.

Ya pili, kila unapogawanya mafungu nguvu inapungua badala ya kuongezeka. Ama kitu kilikuwa dhaifu kikavunjika kwa mwanga, joto au asidi ya silika, ama vitu viwili vilikuwa vinasaidiana na wewe umeshavitenganisha.

Ya tatu ndiyo inayoniudhi zaidi, maana ni ya uzembe. Unarudi kuchukua mmea uleule, unaleta magunia, unapima, hamna kitu. Kumbe ni mmea mwingine wenye jina lilelile la kienyeji, au ni uleule lakini wa bonde jingine. Dawa ya ugonjwa huu ni rahisi: tawi lenye majani pamoja na maua au matunda, linabanwa kati ya magazeti hadi likauke, linaandikwa mahali, tarehe na jina la mkusanyaji, na linahifadhiwa kwenye hifadhi ya mimea mikavu. Bila tawi hilo, unachokiita utafiti ni porojo yenye majedwali.

Kamba za juya

Maitansini inauaje?

Seli ikitaka kugawanyika huwa imeshaandika nakala ya pili ya vinasaba vyake. Lazima ivigawe sawasawa kushoto na kulia. Inafanya kama wavuvi wanaovuta juya: inatandaza kamba kutoka pande mbili, kamba zinashika mzigo katikati, kila upande unavuta wake. Kamba hizo hujengwa kwa vijitofali vya protini iitwayo tubulini, vinavyoungwa na kubomolewa muda wote.

Maitansini hukaa kwenye kijitofali na kuzuia kingine kisiungwe. Kamba haijengeki, seli inakwama katikati ya kugawanyika, inakufa. Vinkristini, ya lile ua la waridi au jeupe linalopandwa mbele ya nyumba nyingi (Catharanthus roseus), nayo inazuia ujenzi. Paklitakseli ni kinyume: inazifunga kamba zisibomoke. Mwisho wake ni uleule, maana kamba isiyolegea nayo haivuti.

Tatizo ni kwamba kamba hizi hazitumiki na seli zinazogawanyika tu. Mshipa wa fahamu unaotoka chini ya uti wa mgongo hadi kidole gumba cha mguu una urefu wa karibu mita moja, na ndani yake mizigo husafirishwa juu ya kamba hizohizo. Zikiharibika, anayeumia kwanza ni aliye mbali zaidi. Ndiyo maana ganzi ya dawa hizi huanza vidoleni mwa miguu, na mgonjwa anayeanza kukosea vifungo vya shati anapaswa kumwambia daktari siku hiyohiyo, asingoje dozi ijayo.

Kwenye sahani, maitansini ilikuwa na ukali wa mara 100 hadi 1,000 kuliko vinkristini. Kwa mtu, dozi iliyovumilika ilikuwa kama miligramu 1 hadi 2 kwa kila mita ya mraba ya mwili, kila wiki tatu. Walipanda kidogo tu zaidi ya hapo wakakutana na kutapika, kuhara, ini kulalamika, udhaifu wa mwili, ganzi. Uvimbe uliopungua ulikuwa wa kuhesabu.

Ukali uleule uliowavutia ndio uliowaangusha. Haikuwa na nafasi ya kutosha kati ya kipimo kinachoua saratani na kipimo kinachomuumiza mwenye saratani.

Gramu za Shimba zikaisha hivyo.

Mara 10,000

Hapa ndipo mstafeli unapoingia.

Ujumbe mnaujua: majani ya mstafeli yana nguvu mara 10,000 kuliko kemotherapi, na makampuni yanaficha. Namba hiyo haikuzushwa hewani. Mwaka 1996 ilichapishwa kazi ya kemia kuhusu molekuli kadhaa za mstafeli, na mojawapo iliua aina moja ya seli za saratani ya utumbo mpana kwa nguvu iliyokadiriwa mara 10,000 ya Adriamycin, dawa ya kemotherapi. Ila molekuli hizo zilitoka kwenye mbegu, sehemu ambayo kila mtu anaitema. Na seli zilikuwa kwenye sahani.

Sahani haina ini. Haina figo, haina ubongo, haina utumbo wa kukataa kufyonza. Mwaga jiki kwenye sahani hiyo, seli zitakufa zote.

Molekuli za mstafeli za kundi hilo hufanya kazi kwa kuziba mlango wa kwanza wa mtambo wa nishati ndani ya seli. Mtambo huo kila seli hai inao, na anayeuhitaji kuliko wote ni ubongo. Mwaka 1999 madaktari wa Guadeloupe, kisiwa cha Karibi, waliripoti wagonjwa wengi kuliko kawaida wenye dalili za Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka) zisizosikia dawa ya levodopa, na wengi wao walikuwa watumiaji wakubwa wa matunda ya jamii ya mstafeli na chai ya majani yake. Ule ni uhusiano, haujawa ushahidi wa mwisho. Lakini unaelekeza palepale ambapo kemia ingekuelekeza.

Stafeli moja la msimu halimo kwenye hoja yangu. Hoja ni kikombe cha majani kila asubuhi kwa miezi sita, mtu akiwa ameacha dripu ya kemotherapi.

Mpaka hapo ningeweza kuuita ujumbe ule upuuzi nikalala. Kinachonizuia ni maitansini yenyewe. Mwaka 1985 mtu angeweza kuandika kuihusu maneno haya haya ninayoandika kuhusu mstafeli: kali kwenye sahani, mbaya kwa mtu, isahauni. Angekuwa na ushahidi wote upande wake. Na angekosea.

Kwa hiyo swali la "mmea huu una dawa au hauna?" nimeliacha. Mimea mingi ina kitu kinachoua seli; sumu ndiyo silaha ya kiumbe asiyeweza kukimbia. Ninachouliza sasa ni kimoja: sumu hiyo itafikaje kwenye uvimbe bila kupita kila nyumba njiani?

Mzigo na hamali

Waliofufua maitansini, kampuni ya ImmunoGen na baadaye wakishirikiana na Genentech, hawakuipunguza ukali. Waliitafutia mchukuzi.

Katika kila saratani 100 za matiti, 15 hadi 20 hivi zina kipokezi kiitwacho HER2 kwa wingi usio wa kawaida juu ya ngozi ya seli. Trastuzumabu ni kingamwili inayokitambua kipokezi hicho na kukishika. Wao wakabadilisha mkia wa maitansini ili uwe na salfa ya kushikia, wakaiita DM1, wakaifunga kwenye kingamwili kwa kiungo kigumu kisichokatika ndani ya damu. Kwa wastani kila kingamwili hubeba DM1 tatu na nusu. Hamali mmoja mnene, vifurushi vitatu au vinne.

Kingamwili inashika HER2, seli inaimeza pamoja na kipokezi, inaipeleka kwenye tumbo lake la kumeng'enyea, inaivunja. Seli imejifungulia sumu yenyewe. Na kwa kuwa kipande kinachobaki kina chaji ya umeme, hakipenyi kirahisi kwenda kwa jirani.

Sasa hesabu iliyonifanya niandike makala hii. Mwanamke wa kilo 60 hupewa miligramu 3.6 kwa kilo, yaani 216, kila wiki tatu. Katika hizo 216, DM1 ni kama miligramu 3.7. Mtu huyohuyo mwenye mwili wa mita za mraba 1.6 angepewa kati ya miligramu 1.6 na 3.2 za maitansini tupu katika yale majaribio ya zamani.

Ni kiasi kilekile! Hata kimezidi kidogo.

Molekuli mbili hizi si mapacha kamili, kwa hiyo usiipime hesabu hii kwa mizani ya dhahabu. Lakini ukweli wake unabaki: kilichoshindwa mwanzo na kilichofaulu 2013 vinatofautiana kwa njia ya kufika, si kwa wingi.

Matokeo yake? Katika jaribio la EMILIA, wagonjwa 991 wenye saratani ya matiti ya HER2 iliyosambaa waligawanywa makundi mawili. Waliopata dawa hii waliishi muda wa kati wa miezi 30.9, wenzao waliopata tiba ya kawaida ya wakati huo miezi 25.1. Miezi hii si muujiza, na anayeiita muujiza anamkosea mgonjwa. Jaribio la KATHERINE ndilo lililonishangaza: kwa wagonjwa waliobakiwa na saratani titini baada ya tiba ya kabla ya upasuaji, baada ya miaka mitatu asilimia 88.3 walikuwa hai bila ugonjwa vamizi kurudi, dhidi ya 77.0 kwa waliopata trastuzumabu peke yake.

Na hamali naye hudondosha mizigo. Ini linaweza kuumia vibaya, chembe za kugandisha damu hushuka, moyo unahitaji kupimwa. Damu ya vipimo vya ini na chembe hizo hutolewa kabla ya kila dozi, na dozi hupunguzwa au kusimamishwa kulingana na majibu. Kuna hatari nyingine ya kijinga kabisa: jina. Trastuzumabu na trastuzumabu emtansini ni dawa mbili zenye dozi tofauti, na kuzibadilishana kunaweza kuua. Wamarekani waliona hatari hiyo wakaongeza silabi "ado" mbele ya jina la pili.

Formalini

Kama HER2 haipo, hamali hana mlango wa kubisha, na dawa hii ni gharama na madhara tu. Kwa hiyo kila kitu kinategemea kipimo. Kipimo kinategemea kipande cha nyama. Na kipande cha nyama kinategemea chupa.

Naomba mnivumilie hapa, maana ndipo njia hii ndefu hukatikia mara nyingi, na hukatikia kimyakimya.

Nyama ikikatwa mwilini huanza kuoza papo hapo. Inatakiwa iingie kwenye formalini, kimiminika cha kuizuia isioze, ya asilimia 10 yenye bafa (chumvi za kuzuia asidi), ndani ya saa moja. Formalini iwe mara kumi ya ujazo wa nyama. Ikae humo si chini ya saa 6, si zaidi ya saa 72. Saa ya kuingia iandikwe.

Sasa tazama inavyoharibika. Titi zima linatumbukizwa kwenye ndoo bila kupasuliwa. Formalini hupenya kama milimita moja tu kwa saa, kwa hiyo nje kumeiva na ndani kunaoza. Au kipande kinabanwa kwenye kichupa kidogo cha shingo nyembamba na formalini ya kulowesha tu. Au kipande cha sindano kimechukuliwa Ijumaa mchana, ndugu anaambiwa apeleke maabara mwenyewe, maabara inafunguliwa Jumatatu, na Jumatatu kuna foleni. Saa 72 zimepita. Au formalini imezimuliwa kwa maji ya bomba bila bafa, ikawa na asidi.

Majibu yatakuja "HER2 hasi". Hakuna atakayejua kwamba ilikuwa chanya ikaozea kwenye chupa.

Ukiwa unamsindikiza mama au shangazi kwenye kipimo hicho, uliza maswali mawili bila aibu: kipande kimeingia kwenye formalini saa ngapi, na kitafika maabara lini. Majibu yakirudi "2+", jua hayajaisha. Hiyo ni daraja ya katikati inayodai kipimo cha pili cha vinasaba. Watu wengi huambiwa hapo kwamba ni hasi. Si hasi bado.

Kikombe cha nyumbani

Najua wengi watakunywa kitu. Nawaandikia hao pia.

Chukua lile ua la Catharanthus. Kupata gramu moja ya vinkristini kunahitaji kama kilo 2,000 za majani makavu. Dozi moja ya mtu mzima kwa kawaida haivuki miligramu 2. Piga mwenyewe: kilo 4 za majani makavu, yachujwe na mashine, kwa sindano moja ya mshipani. Kikombe chako hakina hicho.

Kina vingine, na vya kutosha. Jani hilo lina alkaloidi zaidi ya mia. Katika miaka ya 1950, huko Kanada, Robert Noble na wenzake walikuwa wanalipima kama dawa ya kisukari. Panya waliodungwa mchujo wake walianza kufa kwa maambukizi kwa sababu chembe nyeupe za damu zilianguka. Hivyo ndivyo dawa yake ya saratani ilivyogunduliwa. Sasa fikiria mtu ambaye chembe zake nyeupe tayari zimeshushwa na dripu, naye anajiongezea kikombe. Joto likifika 38 ni hospitali siku hiyohiyo, hata usiku. Si panadoli na kungoja asubuhi.

Taxus ni mbaya zaidi: paklitakseli karibu haiyeyuki kwenye maji, lakini taksini, sumu ya moyo iliyomo kwenye majani hayohayo, hutoka vizuri tu. Unachemsha, dawa inabaki kwenye makapi, sumu inaingia kikombeni.

Kwa anayetumia trastuzumabu emtansini hoja ni ini. ALT, kipimo cha damu cha ini, ikipanda, daktari anapaswa kujua kama ni dawa au ni mzizi. Asipojua, ataisimamisha dawa. Kwa hiyo usiseme "natumia mitishamba". Beba chenyewe, kwenye mfuko wake, na useme ni jani, gamba au mzizi, kiasi gani, kinachemshwa muda gani, tangu lini. Muuguzi akikukaripia, mwache akaripie. Muhimu aandike.

Kumbe si mti

Nimebakiza jambo lililonikosesha raha kuliko yote.

Mwaka 1977 watafiti wa kampuni ya Takeda ya Japani walitangaza wamepata molekuli za ukoo wa maitansini, ziitwazo ansamitosini. Hazikutoka mtini. Zilitoka kwa bakteria, anayeitwa sasa Actinosynnema pretiosum. Kemia ya molekuli hizo ina mtindo wa bakteria tangu mwanzo. Mtu mwenye jicho angeshuku mapema kwamba mmea hauwezi kuwa umeijenga peke yake.

Baadaye wakapima Putterlickia, kichaka cha Afrika Kusini cha ukoo uleule wa Maytenus, chenye maitansini nyingi kuliko cha Shimba, kama miligramu 12 kwa kilo. Chembe zake zikikuzwa safi maabara bila vijidudu, hakuna maitansini. Mizizini mwa mimea ya kawaida wakawakuta bakteria wenye uwezo wa kuitengeneza.

Kama na kichaka cha Shimba ni vivyo hivyo, basi ile tofauti ya miligramu 0.2 na 1.5 iliyowaleta watu hadi Kwale huenda haikuwa sifa ya kichaka. Huenda ilikuwa habari ya nani anaishi udongoni mwake.

Mkataba wa Bioanuwai ulikuja 1992, Itifaki ya Nagoya ya kugawana faida 2010. Vyote viliikuta Shimba imeshakatwa. Na hata kama leo mtu angetaka kudai, angedai nini? Dawa imetokana na kingamwili ya Marekani na bakteria wa Japani. Mimi naona Ethiopia na Kwale zinastahili angalau kutajwa kwenye kisa, kwa sababu bila zile kilo hakuna ambaye angejua kwamba ukali ule unahitaji kufungwa kwenye kingamwili. Lakini nakiri hoja hii ina matobo, na mwanasheria mzuri angeipasua kabla ya chai ya saa nne.

DM1 ya leo huanzia kwenye tangi. Bakteria hutolewa kwenye friza, tone dogo, hupewa chakula, hewa na joto la kadiri. Baada ya siku kadhaa mchuzi wake huchujwa, ansamitosini hutolewa, mkia wake hukatwa na kuwekwa mwingine wenye salfa. Hakuna jani linaloingia humo. Friza ikizimika umeme, wana kichupa kingine cha akiba mahali pengine. Shimba haikuwa na cha akiba.